Kabla ya Kanisa Palikuwa na Ghala la Mahindi

Silvia mwanangu,

Umetoka kwenda Woolwich kuagana na wenzako, mama yako amejilaza baada ya misa, na sanduku lako limeziba njia ya kwenda msalani. Ni Jumapili, saa tisa mchana. Nimezima televisheni nikaketi mezani na karatasi, kitu ambacho hakijafanyika nyumba hii miaka mingi. Nje, bata bukini wa ziwani wanakatiza barabara kana kwamba mtaa wote wa Thamesmead ni wao. Mgongo unaniuma kama kawaida yake. Miaka ishirini na sita ya kukaa kwenye usukani wa basi haimwachi mtu salama, na leo nahisi kila mwaka peke yake.

Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha, za kutomwonyesha kila mtu simu yako, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu. Mara ya nne atakuambia kesho njiani. Mimi sina maagizo. Nina jambo moja tu, na nilipaswa kukuambia wiki tatu zilizopita, siku ile uliyoingia jikoni na simu mkononi ukasema, "Dad, nimeshapata pa kukaa. Kuna mama mmoja kwenye WhatsApp group ya parokia ya kule kwenu, anaitwa Adelina, ana chumba kizuri. It's sorted."

Nikasema, "Vizuri, mama." Kisha nikageuka nikaanza kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Adelina namfahamu. Ni binti wa Mzee Silvano, aliyekuwa katekista wetu. Jina la Mzee Silvano hujawahi kulisikia kinywani mwangu, wala hukulisoma kwenye kile kitabu chembamba cha kijani nilichokuwa nikikusomea kabla ya kulala, Historia ya Kanisa la Mtakatifu Patrisi, kilichoandikwa na Mwalimu Luka, baba yako. Hukulisoma kwa sababu mimi nililitoa.

Nakuandikia kwa Kiswahili nikijua utasoma polepole na pengine utamwamsha mama yako akusaidie. Nivumilie. Kwa Kiingereza nimejifunza kujificha. Mtu akiniuliza hali kazini namjibu kwamba si mbaya, hata siku ambayo sitaki kuinuka kitandani. Kwa Kiswahili siwezi kujificha vizuri hivyo, na leo sitaki.

Hadithi unayoijua ni hii. Bwana Dolan na mkewe walitoka Ireland wakaja nyanda za juu kulima ngano. Majirani zao wote walikuwa Waingereza na Waprotestanti, padri wa karibu alikuwa mwendo wa siku mbili. Mtoto wao akaugua, Mama Dolan akaweka nadhiri, mtoto akapona, wakajenga kanisa la matofali katika shamba lao na kuagiza kengele kutoka kwao. Hivyo ndivyo imani ilivyofika kwetu. Ulikuwa na miaka tisa ulipoisimulia darasani, umechora na picha, kengele kubwa kuliko kanisa. Mwalimu wako, ambaye wazazi wake walikuwa Wairishi, alifuta machozi. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yamenifika kidevuni, nikapiga makofi kuliko kina baba wote. Mwongo akipigiwa makofi naye hupiga.

Na sasa umekuwa mkunga, umepata kazi katika hospitali ya misheni palepale, na uliniambia mwenyewe kwamba ulipachagua kwa sababu ya kitabu kile. Unaona nilipofika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeenda miaka thelathini na imefika mpaka tiketi yako ya ndege.

Basi sikiliza ilivyokuwa.

Babu yako, baba yangu, aliendesha trekta katika shamba lile. Mimi nilizaliwa baada ya wazungu kuondoka, nikasoma, nikarudi kufundisha shule ya msingi iliyo nyuma ya kanisa. Jubilei ya miaka hamsini ilipokaribia, padri wetu aliniita akaniambia, "Mwalimu, wewe una mwandiko na una sauti. Tuandikie historia, na siku yenyewe utaisoma." Kwetu hilo ni jambo kubwa. Siku ya jubilei watu huvaa vitenge vyenye picha ya kanisa, kwaya hujiandaa mwaka mzima, na kabla ya baraka ya mwisho mtu husimama kusoma historia ya parokia tangu mwanzo. Wazee husubiri hapo. Wanasubiri kusikia majina.

Nikaenda kwa Mzee Silvano, Jumamosi tatu mfululizo. Alikuwa amezeeka, jicho moja limeingia ukungu na sikio moja halisikii, lakini kumbukumbu yake ilikuwa kali. Alinisimulia kwamba alikuja shambani kijana, kutoka misheni za magharibi, kutafuta kazi ya kukamua ng'ombe. Alikuwa amesoma katekisimu yote na kuiweka kichwani. Alipoona wafanyakazi wamekusanyika kutoka kila kabila, kila mmoja na mungu wake na upweke wake, akaanza kuwafundisha jioni, baada ya kukamua, ndani ya ghala la mahindi. Walikaa juu ya magunia. Mara mbili kwa mwaka alitembea kwa miguu mpaka misheni kumwomba padri aje kubatiza. Kabla tofali moja halijachomwa, watu arobaini na mmoja walikuwa wamebatizwa kutoka ghala lile.

"Na Mama Dolan?" nikamuuliza.

Akacheka. "Yule alitusikia. Jioni moja tunasali rozari, mlango ukafunguka, nikamwona amesimama na gambuti zake, zimejaa tope. Nikajua tumekwisha, maana magunia ni yake. Mtoto wake alikuwa mgonjwa wiki ile. Mwalimu, yule mama alipiga magoti juu ya magunia pamoja nasi. Sisi tukasema Salamu Maria kwa lugha yetu, yeye akaitikia kwa yake. Tukamaliza pamoja. Alilia sana. Alisema hajasali na watu tangu ashuke kwenye meli."

Juma lililofuata alikuja na mumewe. Kanisa lilitoka hapo. Bwana Dolan alitoa ardhi na mbao, hilo ni kweli na sitamnyang'anya. Lakini matofali waliyachoma wafanyakazi, maji ya udongo waliyabeba wake zao kutoka mtoni, na nadhiri aliyoiweka yule mama aliiweka akiwa amepiga magoti katika kanisa ambalo tayari lilikuwepo. Lilikosa kuta tu. Lilipopata kuta, Wairishi wakakaa mbele, kwenye benchi lao, na Silvano akakaa nyuma karibu na mlango. Alikaa hapo hata walipokwisha kuondoka.

Akanipa daftari lake, lenye majina ya wale arobaini na mmoja kwa mwandiko wake mwenyewe, kila mmoja na siku aliyoanza kufundishwa. "Nakuazima," aliniambia. "Ukimaliza, nirudishie."

Niliandika yote. Kurasa mbili nzima za ghala. Yalikuwa maandishi mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na wewe hujayasoma.

Kisha habari ikaja kwamba wajukuu wa Dolan watahudhuria. Mmoja wao, Nora, aliishi London, na watu walisema ana moyo wa kusaidia, kwamba alikwisha kumwalika kijana mmoja wa Nairobi akaja kusoma. Padri akaniambia, "Mwalimu, fupisha kidogo. Wageni wanatoka mbali na jua ni kali." Ni hayo tu aliyosema. Usije ukamlaumu. Ningeweza kukata orodha ya mapadri wote waliopita. Ningeweza kukata aya ndefu ya kengele na meli iliyoileta. Nilikaa nyumbani kwangu na kalamu, nikamfikiria Nora, nikaifikiria London, nikakata ghala. Mahali pake nikaandika hivi: "Kabla ya familia hii kufika, hapa palikuwa pori tupu, wala hapakuwa na aliyelijua jina la Kristo."

Sentensi hiyo hakuniambia mtu niiandike. Ilitoka kwangu, na nilipoiandika niliona ni tamu.

Siku ya jubilei Mzee Silvano alikuja na koti lake zito, juani. Adelina alimshika mkono mpaka benchi la nyuma. Niliposimama kusoma nilimwona ameinua kichwa, amegeuza lile sikio zuri upande wangu. Alikuwa anasubiri. Nikasoma mpaka mwisho. Nora na kaka zake wakalia, watu wakapiga vigelegele, kwa sababu kwetu vigelegele hupigwa hata kwa tangazo la harambee.

Baada ya misa nilijaribu kupitia mlango wa sakristia. Alikuwa amenisubiri huko huko. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Umesoma vizuri, Mwalimu. Sauti yako imefika mpaka nyuma."

Hakuuliza hata daftari. Silvia, mimi nimetukanwa na abiria walevi kwa lugha zote za mji huu, kuna mmoja aliwahi kunitemea mate, na nimeyasahau. Maneno ya Mzee Silvano sijayasahau hata siku moja. Alikufa kabla ya mvua zilizofuata. Siku ya mazishi yake nilikuwa Nairobi kwenye foleni ya viza, na barua ya mwaliko ya Nora mfukoni.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Adelina aliniandikia barua fupi. Kwamba baba yao alizikwa vizuri. Kwamba maneno ya kitabu changu yamechongwa kwenye jiwe na kuwekwa ukutani, kando ya mlango, "pori tupu" na yote. Na kwamba, kama bado ninalo, wangependa daftari. Sikujibu. Nilijiambia nitajibu nikishapata kazi, halafu nikishamleta mama yako, halafu wewe ukizaliwa. Wazazi wangu walikwisha kufa, kwa hiyo kila tulipokwenda nyumbani tulikwenda kwa kina mama yako Machakos, na nikawa nasema barabara ya kwetu ni mbovu. Barabara ilitiwa lami zamani.

Kuna jambo la pili, na hili linaniuma kwa namna nyingine. Nora alinikalisha nyumbani kwake mwaka mzima. Alikuwa mtu mwema. Jioni moja, tunakunywa chai, akaniuliza, "Luka, kabla ya kanisa la bibi, hapo palikuwa na nini? Bibi alikuwa akitaja magunia, akitaja kuimba, mwishoni alipokuwa amechanganyikiwa. Hatukuelewa." Silvia, alikuwa ananifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia hapakuwa na kitu. Bibi alikuwa mzee tu.

Niliogopa akijua nilimdanganya mara ya kwanza atanifukuza. Nora amekwisha kufa naye, hakupata kujua bibi yake alilia wapi.

Unamkumbuka Mama Bridget, yule mjane wa parokia yetu hapa, anayekupa peremende mpaka leo kana kwamba una miaka sita? Mwaka juzi, tukipanga viti baada ya misa, alinisimulia habari za kwao Ireland. Kwamba zamani Wakatoliki walikatazwa kusali, wakawa wanasali porini, kwenye jiwe, mtu mmoja akikesha kuangalia askari. Na kwamba kijijini kwao kanisa lilijengwa na watu waliobeba mawe migongoni, lakini ukutani limeandikwa jina la tajiri aliyetoa kiwanja. "Bibi yangu alibeba yale mawe," aliniambia, "na mpaka leo nikipita pale nasonya." Nikabaki nimeshika kiti. Watu niliowaogopa kuwaambia habari ya ghala walikuwa watu wa jiwe la porini. Hakuna waliokuwa tayari kuielewa hadithi ile kuliko wao. Nilidanganya bure. Nilimfuta mzee wa watu ili niwapendeze wageni ambao wangependezwa naye zaidi kuliko kengele yao.

Hilo ndilo linalonichosha, mama. Kazi haijanichosha kama hilo. Kubeba kitu miaka thelathini na kugundua kwamba hakikuwa na haja ya kubebwa.

Na jina lako. Uliwahi kuniuliza, nikakuambia ni jina la nesi aliyekupokea. Nesi aliyekupokea aliitwa Grace. Nilikuita Silvia kwa ajili yake. Nilidhani nikilitamka jina lile nyumbani kila siku, nitapata nafuu. Sikupata. Nilichofanya ni kumtwika mtoto mchanga kitu changu, halafu nikamficha kilichomo. Nisamehe kwa hilo kwanza, mengine utaangalia mwenyewe.

Sijui nikushauri nini mtu kama mimi. Labda hili moja, kwa kuwa ni kazi yako. Mtoto akizaliwa mikononi mwako huwa unaandika saa, na unaandika nani alikuwepo. Unaandika hata usiku wa manane ukiwa hoi, hata kama daktari amekuja mwishoni kabisa na anasimama mbele ya ndugu akipokea asante. Endelea hivyo hivyo. Kuna siku utaambiwa fupisha. Fupisha, lakini angalia mkono wako unakata wapi, kwa sababu mkono una akili zake na unajua bwana wake anataka nini.

Mama yako nilimwambia Jumatano. Aliacha kukunja nguo, akaniangalia. "Mwambie kabla hajapanda ndege," akasema. "Usimwache aambiwe na wenyewe, mezani kwao, na kijiko mdomoni." Halafu akaendelea kukunja. Hajaniongelesha sana tangu siku hiyo, labda umeona.

Leo asubuhi nikampigia Adelina. Nilitumia simu ya mama yako, namba niliichukua kwenye kundi lenu. Nilijitaja, nikasikia kuku wanalia nyuma yake.

"Mwalimu Luka," akasema. "Nilikuwa nasema, huyu atapiga au atamtuma mtoto hivi hivi?"

Nikamwambia yote, niliyokuambia wewe hapa. Nikamwambia daftari ninalo, liko kabatini, halijapotea jani. Akasema baba yake hakuwahi kunitukana, na kwamba hilo lilimuudhi yeye Adelina kuliko jambo lolote, alitamani angalau siku moja mzee anitukane. Nikamwuliza kwa nini basi amekubali kukupokea. Akasema, "Nilisoma jina lake. Nikajua kuna mtu huko London halali vizuri. Mtoto hana kosa, chumba nimeshapaka rangi."

Kisha akasema, "Sasa mpe mtoto daftari alilete. Na Padri wa sasa ni kijana mwelewa, nikimwomba ataliondoa lile jiwe. Silvia atasoma historia mpya, watu watafurahi, yaishe. Wewe umechoka, Mwalimu, nasikia kwa sauti."

Ningekubali. Nataka ujue kwamba nilikaribia kukubali, mdomo ulikwisha kufunguka. Wewe ungesimama pale na sauti yako nzuri na Kiswahili chako cha kuchechemea, wazee wangelia, wangesema damu imerudi, na mimi ningekuwa hapa Thamesmead nikitazama video kwenye simu. Ningepona bila kutoka jasho.

Nikamwambia, "Hapana, Dada. Huyu hatumwi."

"Basi utakuja lini? Maana uliisoma kwa kinywa chako."

Nikamwambia Desemba. Nimeomba likizo, na wakubwa wa dipo la mabasi hawajajibu. Wakikataa nitaomba tena, na wakikataa tena nitaacha kazi, mgongo nao utashukuru. Nitasimama nilipokuwa nimesimama, nisome majina arobaini na moja, kisha la arobaini na mbili, la mwalimu wao, Silvano. Usinisemee neno lolote kabla ya hapo. Wakikuuliza, waambie baba anakuja. Na kama utaona aibu kusema wewe ni mtoto wa Mwalimu Luka, sema wewe ni mkunga, inatosha.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako ili uione ukirudi. Najua kitabu kile ulikipenda, na najua baba uliyekuwa ukimjua asubuhi siye utakayemkuta ukimaliza kusoma. Una haki ya kukasirika. Uwe na hasira ya kutosha, usinionee huruma kwa sababu ya mgongo.

Kesho tulipanga nikuendeshe mimi mpaka uwanja wa ndege. Ukiona huwezi kukaa na mimi garini saa nzima na nusu, mama yako anajua namba ya teksi, na sitauliza kitu. Mimi saa kumi alfajiri nitakuwa jikoni, nimekwisha kuvaa viatu.

Baba yako,
Luka